Bia ya kiwanda cha mtaani: Ushuru umeshuka, lakini sheria bado haiitaki karibu na nyumba

Ukiingia baa ya kiwandani jijini Nairobi, kitu cha kwanza kukugonga macho si chupa. Ni matangi ya chuma yanayong'aa nyuma ya kioo, marefu kuliko mtu. Bia unayopewa imepikwa hapo hapo, hatua chache kutoka kwa kiti chako.

Mhudumu hakukimbizi. Anakuletea ubao wenye glasi ndogo nne: nyepesi, ya ngano, chungu, nyeusi. Onja kwanza, ndiyo uamue. Na kama una bahati, mpishi wa bia mwenyewe anatokea na gambuti zake, anaulizwa maswali na kujibu.

Hicho ndicho kinachouzwa hapo, ukiondoa kinywaji: kujua nani amekipika na ametia nini. Katika nchi ambapo watu hupofuka na kufa kwa kunywa kitu wasichojua kimetoka wapi, hilo si jambo dogo.

Lakini baa hizo zimebaki chache, na nyingi ziko kwenye majengo ya maduka au barabara kubwa. Brew Bistro ilianzia Ngong Road. Sirville ilifungua ndani ya Galleria, Lang'ata. 254 Brewing, iliyojipa jina kwa nambari ya simu ya nchi, ni miongoni mwa zile zilizofuata. Ile baa ndogo ya kona, ya kutembea kwa miguu kutoka nyumbani na kusalimiana kwa majina, haipo.

Sababu mbili kubwa: ushuru na sheria. Ya kwanza imeanza kulegea. Ya pili inakazwa.

Hesabu ya chupa moja

Kwa miaka mingi Kenya ilitoza bia kwa lita, haijalishi ni kali au nyepesi, wala ni ya kampuni kubwa au ya mtu mwenye matangi manne. Kiwango kilikuwa kimefika Sh142.44 kwa lita. Chupa ya nusu lita ilikuwa inaanza na Sh71.22 za ushuru wa bidhaa kabla hujaongeza VAT, chupa yenyewe, stima na mshahara.

Mwishoni mwa Desemba 2024, Sheria ya Marekebisho ya Kodi ilibadilisha hesabu. Sasa bia inatozwa kulingana na kileo safi kilichomo: Sh22.50 kwa kila sentilita. Na kwa mara ya kwanza, wapishi wadogo wanaojitegemea walipewa kiwango chao: Sh10.

Chukua chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5. Ndani yake mna sentilita 2.5 za kileo safi. Kampuni kubwa inalipa Sh56.25. Mpishi mdogo analipa Sh25.

Tofauti ni Sh31.25 kwa kila chupa. Kwa anayepika pipa moja moja, hizo ndizo pesa za kukodi nyumba na kulipa vijana wawili wa kaunta.

Wazo hili si geni duniani. Marekani iliwapunguzia wapishi wadogo ushuru mwaka 1976, wakati nchi nzima ilikuwa inaelekea kubaki na viwanda visivyofika 100. Miaka miwili baadaye Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoruhusu watu kujipikia bia nyumbani. Leo viwanda huko vimepita 9,000, ingawa kwa sasa upepo umegeuka: mwaka 2024 vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa. Uingereza nayo ilianza kuwapunguzia wadogo ushuru mwaka 2002.

Kuna kichekesho kidogo katika sheria hiyo ya Kenya, na hakijasemwa vya kutosha. Pombe kali nayo iliwekewa Sh10 kwa sentilita ya kileo safi. Yaani kile kichupa cha robo lita kinachouzwa kwenye kila "wines" ya mtaa kinatozwa, kwa kipimo cha kileo, chini ya nusu ya bia ya kawaida. Serikali inayosema inapigana na ulevi wa vijana imeifanya bia iwe ndiyo inayotozwa zaidi. Mpishi mdogo wa bia, basi, hajapendelewa sana. Amewekwa tu sawa na muuza vodka.

Ushuru si bei

Hata hivyo usitarajie glasi kushuka bei kesho. Bia ya namna hii bado ni ghali kuliko Tusker, na sababu ziko nje ya ofisi za KRA.

Bia inahitaji vitu vinne: maji, kimea, hopsi na hamira. Shayiri tunayo, inalimwa Narok, Molo, Timau na Uasin Gishu. Lakini kuilima ni jambo moja, kuigeuza kimea ni jingine. Kazi hiyo inahitaji mitambo mikubwa, na mitambo hiyo iko chini ya kampuni tanzu ya EABL, mpinzani yule yule. Kwa hivyo wadogo wengi huagiza magunia ya kimea kutoka Ulaya. Hopsi, ua linaloipa bia uchungu na harufu, nalo linatoka nje, kwa dola.

Kisha kuna muda. Bia ya aina ya "ale" huchacha wiki moja au mbili. "Lager" inataka wiki kadhaa kwenye tangi la baridi, na tangi lililojaa bia isiyo tayari ni pesa iliyolala. Mwaka 2023 serikali iliamuru watengenezaji wa vileo walipe ushuru ndani ya saa 24 baada ya bidhaa kutoka stoo, hata kama mteja hajalipa. Baadaye muda huo uliongezwa hadi siku 5 za kazi. Kwa kampuni iliyoanza mwaka 1922 hilo ni suala la mhasibu. Kwa mwenye matangi manne ni usiku wa kukosa usingizi.

Hapa ndipo baa ya kiwandani inapopata maana. Mpishi akiuza mwenyewe glasi mkononi mwa mteja, hakuna msambazaji wa kugawana naye, hakuna chupa ya kununua, hakuna lori. Pesa inaingia jioni hiyo hiyo. Kwingineko duniani wadogo wengi wameponea hapo hapo: faida iko kaunta, si dukani.

Ndiyo maana mahali pa kuweka kaunta hiyo ni suala la uhai kwa biashara hii.

Mita 300 na mtoto mlangoni

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi bado wanaiita "sheria ya Mututho" kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeileta, inasema baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule yoyote ya walio chini ya miaka 18. Tembea Umoja, Kasarani au Pipeline uhesabu shule, pamoja na zile chekechea za ghorofani. Utatafuta sana huo uwanja wa mita 300.

Sheria hiyo hiyo inakataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inapotengenezwa, kuhifadhiwa au kunywewa. Zile picha za mtandaoni za Marekani, familia nzima imekaa kwenye kiwanda cha bia, mtoto anakula chipsi na mbwa amelala chini ya meza? Hapa leseni yako inaenda.

Masaa nayo: siku za kazi saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana. Ziara ya asubuhi ya kiwanda inayoishia kwenye glasi, kama wanavyofanya wengine kuvutia watalii, inakuwa na shida hapo.

Halafu ikaja Kirinyaga. Februari 2024, watu 17 walikufa kijiji cha Kangai baada ya kunywa pombe yenye sumu. Ilielezwa kuwa ni kizibiti kilichokuwa kimehifadhiwa kituo cha polisi, kikatoroshwa na kurudi sokoni. Machi 6 mwaka huo, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza hatua 25. Moja ilikuwa kufunga baa zote zilizo ndani ya mitaa ya makazi.

Mwishoni mwa Julai 2025 ikatoka sera mpya ya kitaifa chini ya NACADA, yenye pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21 na kubana uuzaji katika supamaketi, mtandaoni na maeneo ya makazi. Kelele zilipopanda, NACADA ilisema sera si sheria. Ni kweli, lakini hakuna anayewekeza matangi ya mamilioni kwa kutegemea sentensi hiyo.

Hapo ndipo mambo yanapogongana. Bunge limepunguza ushuru ili wadogo wakue. Wizara ya usalama inataka pombe itoke mtaani. Na leseni yenyewe ni kazi ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo anayebisha mlango mwishowe ni kanjo, ambaye ana tafsiri yake.

Wanaoogopa wana sababu

Itakuwa rahisi kusema serikali haielewi. Si hivyo. Ukiuliza mama anayeishi juu ya baa ya kegi, atakuambia kuhusu muziki wa saa saba usiku, mkojo kwenye ngazi na watoto wanaopishana na walevi wakienda shule. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 8 wa miaka 15 hadi 65 anatumia pombe. Hofu ya wazazi haijatoka hewani.

Ila amri ya "hakuna baa makazini" haitofautishi kitu. Inaiweka kapu moja na nyumba yenye spika sita ile inayopika lita chache na kufunga mapema. Na inaiacha ile isiyo na leseni kabisa, kwa sababu hiyo haikuomba ruhusa tangu mwanzo. Ripoti ya Euromonitor iliyotolewa 2025 ilikadiria kuwa asilimia 60 ya pombe inayouzwa Kenya ni haramu. Ni ripoti inayopendwa na kampuni za pombe, kwa hivyo isome ukiwa macho, lakini hata ukiikata kwa nusu bado ni nyingi.

Kuna funzo la karibu. Mwaka 2004 serikali iliondoa ushuru kwa Senator Keg ili maskini waache chang'aa. Mauzo yakapanda, na mtama ukapata soko. Mwaka 2013 ushuru ukarudishwa kwa nusu ya kiwango, bei ikaruka, mauzo yakaporomoka. Wanywaji hawakuokoka. Walirudi walikotoka. Miaka miwili baadaye serikali ikapunguza tena.

Busaa ilikuwa nini?

Jambo moja hukera katika mazungumzo haya yote: kuongea kama vile bia ya kupikwa kidogo kidogo ililetwa Nairobi na wageni wenye ndevu.

Busaa ni nini kama si hiyo? Unga wa mahindi unaachwa uchachuke, unakaangwa juu ya bati, unachanganywa na kimea cha wimbi, siku chache baadaye iko tayari. Magharibi mwa nchi wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wamekaa duara. Aliyepika anajulikana. Akiharibu, kesho hana mteja. Pwani kuna mnazi, Mlima Kenya kuna muratina.

Wapishi wengi wa busaa walikuwa na bado ni wanawake, na wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Sheria ya 2010 iliwafungulia mlango kwenye karatasi: iliondoa marufuku ya chang'aa na kuvileta vinywaji vya kienyeji chini ya sheria moja na vingine. Lakini viwango vya KEBS, leseni ya ushuru na stika za KRA havikuandikwa vikimlenga mama mwenye sufuria mbili. Mlango ukabaki wazi, ngazi hakuna.

Kile kiwango cha Sh10 kingeweza kuwa ngazi hiyo. Sheria inataja bia, na pia mvinyo wa asali na bia nzito zisizochujwa, familia ile ile ya busaa. Lakini kukifikia lazima uwe na leseni ya KRA, na kupata leseni lazima uwe na jengo, vipimo na mashine. Kwa sasa anayefaidika ni yule ambaye tayari ana matangi ya chuma nyuma ya kioo.

Na huyo mteja wake ni nani? Mwenye gari, mwenye kazi ya ofisi, anayeweza kulipa bei ya chakula cha siku nzima kwa glasi mbili. Anakaribishwa vizuri sana, hilo halina ubishi. Jirani halisi wa mtaa, wa boda na wa kibanda cha mboga, hupita nje akielekea kwingine.

Kinachofuata

Umri wa miaka 21 utahitaji kupitishwa na Bunge. Maeneo ya makazi yatategemea kila kaunti itakavyoandika sheria yake ya vileo. Nairobi ina yake ya tangu 2014.

Swali ambalo kaunti inaweza kulijibu bila kusubiri mtu yeyote ni hili: je, kuwe na leseni tofauti kwa anayepika na kuuza hapo hapo, yenye kikomo cha lita, kikomo cha sauti na saa ya kufunga, ambayo majirani wanaweza kuipinga kabla haijatolewa?

Mpaka hapo, matangi yataendelea kukaa kwenye majengo ya maduka, karibu na maegesho, ambako kodi ya nyumba iko juu na hakuna anayelala ghorofa ya pili.