Refa wa Roboti Haangalii Klipu Yako, na Ni Sawa Tu!

Hivi wadau, mnajua kwamba kwenye FIRST Robotics Competition, yale mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanzia Marekani, refa mkuu haangalii video ya mechi? Hata uje na klipu safi kiasi gani, jibu ni hapana. Na anayekwenda kumuuliza ni mwanafunzi mmoja tu wa timu. Kocha na mzazi mnakaa pembeni!

Kuna watu inawauma, na nawaelewa. Mechi ni fupi, adhabu moja inaweza kukutoa, na madogo wamejenga roboti kwa wiki kibao. Refa naye anakosea, tusidanganyane.

Ila mimi nipo na sheria. Ukiruhusu klipu, mwenye simu nyingi jukwaani ndiye atashinda kesi. Na dogo wa miaka 16 anayesimama peke yake na kuuliza kwa adabu, "Refa, tumevunja kanuni ipi?" anajifunza kitu ambacho kelele za kocha haziwezi kumpa.

Halafu kumbuka, timu zinacheza tatu kwa tatu, na kwenye mechi za awali zinachanganywa upya kila mara. Unayemwita mwizi mtandaoni asubuhi, mchana mko upande mmoja!

Kwa hiyo nyie mnaorusha klipu mkitukana watoto wa watu, punguzeni. Uliza, pokea jibu, rudi mchezoni. Au mnasemaje wadau?