Urafiki Kwanza, Posa Baadaye



Wazazi wengi wenye binti aliye shuleni wamepata kumkuta usiku hajalala, taa yakaribia kuishiwa mafuta, naye ameinamia kitabu. Ukimwuliza, "Chasema nini?" hujibu, "Habari za watu tu, mama." Ukikifunua, waona ni hadithi ya mapenzi. Basi wengine hukitia motoni papo hapo. Ngoja kwanza, mama, ngoja, baba. Tukitazame pamoja kabla ya kukichoma, maana hadithi hizi si za namna moja.

Ziko zile za watu wanaoonana leo sokoni, kesho wanaapiana, na keshokutwa wametoroka. Hizo tuziache. Leo nataka kusema juu ya namna nyingine, ipendwayo mno na vijana na hata watu wazima: hadithi za mvulana na msichana waliojuana miaka mingi kama marafiki, hata siku moja wakatambua kwamba urafiki wao umezaa jambo kubwa zaidi. Kwa nini zinapendwa hivyo? Tutazame mfano mmoja.

Mwaka 1908 bibi mmoja wa Kanada, Lucy Maud Montgomery, alitoa kitabu kiitwacho *Anne of Green Gables*. Mwandishi huyu alifiwa na mama yake angali mtoto mchanga, akalelewa na babu na bibi yake kijijini, katika kisiwa cha Prince Edward Island. Tena alipata kuwa mwalimu. Maisha ya kijiji aliyajua vema. Kitabu chake chasimulia habari za Anne, yatima wa miaka 11. Ndugu wawili wasio na ndoa, Matthew na dada yake Marilla, walitaka mtoto wa kiume wa kuwasaidia shambani. Kwa makosa wakaletewa msichana mwenye nywele nyekundu na maneno mengi.

Shuleni kijana mmoja, Gilbert, anamvuta nywele na kumwita "Karoti." Anne ananyanyua kibao chake cha kuandikia, anampiga nacho kichwani, kibao chapasuka! Gilbert anaomba radhi. Anne hataki kusikia. Anashika kinyongo miaka mitano. Hata siku ile Gilbert anapomwokoa asizame majini, bado anamnyima mkono wake. Lakini kutwa wanashindana katika masomo, leo huyu mbele, kesho yule.

Kisha msiba waingia. Matthew anafariki, macho ya Marilla yanaanza kufifia, na Anne anaacha nafasi yake ya kwenda chuo kikuu ili asimwache mama huyu peke yake. Ataishije? Kazi ya ualimu katika shule ya kijiji amekwisha pewa Gilbert. Naye Gilbert, bila kuombwa na mtu, anaiacha kazi ile ili Anne aipate, na mwenyewe anakwenda kufundisha mbali na kwao, mahali atakapolazimika kulipia chumba na chakula. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wawili hao wanapeana mikono njiani, na kitabu chakoma karibu na hapo. Hakuna busu, wala posa. Lakini wewe msomaji umekwisha jua jambo ambalo wenyewe hawajalijua.

Hiyo ndiyo raha ya kwanza ya hadithi hizi: kujua mapema, na kungoja. Na wasomaji wa Montgomery walingoja kweli. Katika kitabu cha tatu, cha mwaka 1915, Gilbert anaomba uchumba, naye Anne anamkataa. Kwa nini? Kwa sababu amejichorea moyoni picha ya mchumba: mzuri wa sura, tajiri, mwenye maneno matamu. Na kijana wa namna hiyo anatokea, na maua mkononi. Lakini siku ya kutakiwa jibu Anne anaona hawezi kuishi naye. Baadaye anasikia kwamba Gilbert ni mgonjwa sana wa homa ya matumbo, pengine hatapona. Usiku ule mmoja wamfundisha Anne kuliko maua yote yale. Gilbert anapona, wanapatana, tena wanangojana miaka mitatu mpaka amalize masomo ya uganga. Arusi yao imo katika kitabu cha mwaka 1917, miaka 9 tangu kile cha kwanza!

Raha ya pili ni kuaminika kwake. Mchumba wa siku tatu huvaa nguo zake za Jumapili na tabia zake za Jumapili. Rafiki wa miaka mingi umemwona ana njaa, ana hasira, ameshindwa, amefiwa. Ukimkubali huyo, wajua unayemkubali. Msomaji hupumua, husema moyoni, "Hawa watadumu." Na hili halikuanzia Kanada. Bibi Jane Austen wa Uingereza, katika kitabu chake *Emma* kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1815, alimwoza binti yule kwa jirani aliyethubutu kumwambia makosa yake, wakati wengine walimsifu tu.

Raha ya tatu ni hofu. Mgeni akikukataa, hukupoteza kitu. Rafiki akikukataa, pengine umepoteza yote, mchumba na rafiki pia. Kwa hiyo neno moja dogo lawa zito kama jiwe la kusagia, na msomaji halali mpaka lisemwe.

Lakini hapa, vijana, sikilizeni vizuri. Yuko mwandishi mwingine, Louisa May Alcott wa Marekani, aliyetoa *Little Women* mwaka 1868, na sehemu ya pili mwaka 1869. Humo Jo na jirani yake Laurie ni marafiki wa chanda na pete. Wasichana wengi walimwandikia mwandishi wakitaka hao wawili waoane. Hakukubali. Laurie anaomba, Jo anakataa, kwa kuwa ampenda kama ndugu, basi. Laurie anaumia, kisha anapona, na mwisho anamwoa Amy, mdogo wake Jo. Wasomaji wengine wangali wanalalamika hata leo!

Mimi nasema bibi yule alifanya vema. Urafiki si mahari inayolipwa kidogo kidogo. Kijana aliyembebea msichana vitabu, akamsaidia hesabu, akamwuguzia mama yake, hajamnunua. Kama alifanya hayo kwa urafiki, ataendelea hata akikataliwa. Kama alifanya kwa kudai, hakuwa rafiki tangu mwanzo. Nawe binti, usimwonee haya rafiki ukampa neno usilokuwa nalo moyoni. "Hapana" ya leo huuma mwezi mmoja. "Ndiyo" ya uongo huuma maisha, maana ndoa si nguo ya kuazima.

Nanyi wazazi, mshenga na mazungumzo ya koo mbili yana kazi yake, sisemi yaachwe. Nasema tu, kabla ya kuhesabu ng'ombe, mwulizeni mtoto: "Huyu umemwona akiwa na hasira? Umemwona siku ya msiba? Mkikosana, nani huanza kusema?" Akiwa na majibu, mmepata msingi. Akiwa hana, muda wa kungoja bado upo.

Na kile kitabu cha usiku? Msikichome. Kesho, baada ya kuosha vyombo, mwambieni awasomee kwa sauti, awafasirie yaliyomo. Kikiwa kibaya, yeye mwenyewe ataona haya kukisoma mbele yenu. Kikiwa chema, ole wenu: mafuta ya taa yatakwisha, nanyi ndio mtakaosema, "Soma kidogo tena."