Hodi ya Barabara

Wako watu wasemao kwamba kumtaka jirani aombe kibali cha mji ndipo afunge mtaa wake kwa karamu ni kumdhalilisha. Mtaa wetu, furaha yetu, ruhusa ya nini? Hoja hii ni tamu masikioni, lakini ni chungu kwa mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa akakuta turubai limekatiza njia.

Barabara ni mali ya kila apitaye, hata asiyealikwa. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1847 iliwapa wakuu wa miji uwezo wa kuzuia magari wakati wa maandamano na shangwe za watu, na hata leo mabaraza hufunga mitaa kwa sheria hiyo hiyo. Je, furaha ilikufa? Mwaka 1953, alipotawazwa Malkia Elizabeth II, na tena mwaka 1977, meza za watoto zilipangwa katikati ya njia.

Lakini mji ukidai hodi, sharti uitike. Ada izidiyo gharama ya pilau, na karani asemaye "njoo kesho" kila siku, humfundisha raia kuvunja sheria. Kibali na kiwe chepesi na karibu. Naye jirani aombe mapema, aache nafasi ya gari la wagonjwa, na afagie njia wageni wakiisha kuondoka.

Apigaye hodi ni muungwana. Mwenyeji anyamazaye ndani ni fidhuli.