Saa Inayowasha Alfajiri

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hulihesabu jua kuwa ndilo saa yetu. Likichomoza ni mnamo saa kumi na mbili, masika na kiangazi, bila tofauti kubwa. Lakini fikiria nduguyo aliye muuguzi mjini London. Mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza karibu na saa mbili, naye zamu yake yaanza saa moja na nusu asubuhi. Huamka gizani, huvaa gizani, na kituo cha basi hukifikia gizani.

Kwa watu wa namna hiyo imetengenezwa saa ya kando ya kitanda yenye taa. Kiasi cha nusu saa kabla ya wakati uliotegwa, taa huanza kwa wekundu hafifu, ikapanda polepole hadi weupe wenye umanjano. Mwisho hulia sauti, aghalabu ya ndege. Mwanga hupenya kope zilizofumbwa. Tena, mwaka 2002 David Berson na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa kuchunguza macho ya panya, kuwa zimo chembe zinazohisi mwanga na kupeleka habari zake kwenye saa ya mwili iliyomo ubongoni. Wazo, basi, ni zuri. Taabu imo katika kukitumia chombo chenyewe.

Dukani saa hizi huchaguliwa kwa macho, nazo hutumiwa kwa mkono wa mtu aliye nusu usingizini. Kwa hiyo kabla ya kununua, fumba macho uipapase. Je, kitufe cha kuzima kabisa wakitambua mbali na kile cha kuongeza dakika chache za usingizi? Ikiwa vyote ni laini, vimepangwa mstari mmoja, iache. Kidole kikikosea, muuguzi atalala hadi zamu ianze, na mgonjwa atamngoja. Nyingine hazitegeki ila kwa programu ya simu. Hizo mimi sizitaki, kwani huirudisha simu kitandani pale pale tulipokuwa tukiifukuza.

Mahali pa kuiweka napo pana maana. Nyingi hutoa kama luksi 300, tena kwa mtu aliye umbali wa sentimeta 40 hadi 50. Ukiisogeza mara mbili ya hapo, mwanga unaomfikia huwa karibu robo tu. Kabatini, ng'ambo ya chumba, ni pambo.

Sasa, je, kitandani mmelala wangapi? Kengele huzimwa upesi, bali mwanga hauchagui uso. Mume aliyerudi kutoka zamu ya usiku wa manane ataletewa alfajiri asiyoiomba. Hapo mkewe na aielekeze taa upande wake, apunguze ukali wake, au mume ajifunike macho kwa kitambaa. Wazungumze mapema, maana ugomvi wa saa kumi na moja alfajiri hauna msuluhishi.

Umeme ukikatika, betri ya akiba, kama ipo, kwa kawaida hutunza majira tu, taa haiwaki. Mwenye saa hiyo mpya na aijaribu kwanza usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, na kwa majuma ya mwanzo aiweke saa ya zamani ya kengele mbali na kitanda, imetegwa dakika kumi baadaye.