Krosiplei ipime kifaa cha kulengea, si chapa ya mashine

Jioni katika mitaa ya Langas, Huruma na Kapsoya, simu ndiyo uwanja wa gemu za risasi. Kijana mmoja ana Android ya bei nafuu, mwenzake ana iPhone ya mitumba, na wote wawili huingia Call of Duty: Mobile katika kikosi kimoja bila kujali nani alitengeneza simu ya nani. Imekuwa hivyo tangu gemu hiyo itoke Oktoba 2019. Hiyo ni krosiplei, wachezaji wenye mashine tofauti kukutana katika mechi moja, na vijana wa Eldoret wameizoea kiasi kwamba hawaioni tena.

Mambo hubadilika mmoja wao anapotaka kucheza na binamu yake mwenye PlayStation kule Elgon View, au na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi anayetumia kompyuta. Baadhi ya gemu zitamruhusu. Nyingine zitamkatalia kabisa, na nyingine zitamkaribisha katika mechi za kujifurahisha kisha zimfungie mlango pointi za ngazi zinapoanza kuhesabiwa. Mlango huo haupaswi kufungwa kwa kufuata chapa ya mashine. Pale inapobidi wachezaji watenganishwe, watenganishwe kwa kifaa wanacholengea: kipanya, padi au kidole.

Kwa Eldoret, hili linagusa uwezekano wenyewe wa kupata mechi. Mji ulipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, la tano nchini Kenya, lakini wenye konsoli mpya na kompyuta za gemu katika ukanda huu bado ni wachache wakilinganishwa na wenzao wa Ulaya. Mfumo wa kupanga mechi hutafuta watu walio mtandaoni wakati huo, wanaotaka aina ileile ya mechi, wenye uwezo unaokaribiana na walio karibu na seva moja. Mechi kubwa ya Fortnite inachukua watu 100. Ukiwagawa wachezaji wa Afrika Mashariki kwa chapa, halafu kwa ngazi, halafu kwa saa, unabaki na watu wa kuhesabu. Hapo mchezaji husubirishwa, au hutupwa kwa watu wasio wa kiwango chake, au hupelekwa seva ya mbali. Mchezaji wa London akifungiwa mlango huo bado atawakuta maelfu upande wake wa ukuta. Wa Eldoret hatawakuta.

Kiufundi, kuwaunganisha si muujiza. Mashine ya mchezaji haiamui peke yake nani kapigwa. Hutuma taarifa kwa seva: mwenyewe amesogea huku, ameelekeza bunduki kule, amefyatua. Seva hukusanya taarifa za wote, hutoa hukumu, kisha humrudishia kila mmoja hali ya uwanja mara nyingi ndani ya sekunde moja. Taarifa iliyotoka kwenye Xbox na iliyotoka kwenye simu zinaweza kuwa na muundo uleule. Kinachohitajika ni akaunti isiyofungwa kwenye chapa moja, kama ile ya Epic Games au ya Activision, na toleo moja la gemu kwa wote kwa wakati mmoja. Hilo la pili lina jasho lake, kwa kuwa kila duka la gemu hukagua masasisho kwa taratibu zake.

Ukuta uliodumu muda mrefu ulikuwa wa biashara. Septemba 2017, kwa hitilafu tu, wachezaji wa Fortnite wa PlayStation 4 na wa Xbox One walijikuta wakipigana uwanja mmoja, na dunia ikaona kwamba inawezekana. Epic, waundaji wa Fortnite, wakaufunga upenyo huo. Juni 2018, Fortnite ilipofika kwenye Nintendo Switch, waliokuwa wameunganisha akaunti zao na PlayStation walizuiwa kuzitumia huko, na kelele zikawa kubwa. Tarehe 26 Septemba 2018 Sony, wenye PlayStation, wakakubali kufungua. Baadaye, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple mwaka 2021, ilidhihirika mahakamani kuwa Sony walikuwa na utaratibu wa kutoza wachapishaji fidia iwapo wachezaji wa PlayStation wangetumia pesa zao nyingi kwenye mashine za wengine.

Tofauti ya kweli iko mkononi. Kipanya hugeuza shabaha nusu duara kwa mkupuo mmoja na kusimama palepale mchezaji alipokusudia. Kijiti cha padi hutawala kasi ya kugeuka, hakichagui mahali pa kusimama, kwa hiyo gemu humpa mwenye padi msaada wa kulenga: programu hupunguza kasi shabaha inapompitia adui, na katika baadhi ya gemu huizungusha kidogo ili imfuate. Mwenye simu naye hutembea, hulenga na kufyatua kwa vidole juu ya kioo kilekile anachokitazama.

Ugomvi unaozuka hapa una pande mbili, na pande zote zina haki. Wenye padi husema kipanya huwaua kutoka mbali kabla hawajageuka. Wenye kipanya husema kwa umbali mfupi msaada wa kulenga hauna mpinzani, kwa sababu programu haingojei jicho lione kwanza ndipo mkono ufuate. Waundaji wa gemu hurekebisha nguvu ya msaada huo msimu baada ya msimu, na kila marekebisho huudhi kundi moja.

Eldoret inaujua mjadala wa aina hii kutoka barabarani. Eliud Kipchoge, anayefanya mazoezi Kaptagat, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 12, 2019, akiwa amevaa kiatu cha Nike ambacho hakikuwa kimeingia madukani. Januari iliyofuata, Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kikomo: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, na bamba gumu ndani yake lisizidi moja. Halikuwapangia wanaovaa Nike mbio zao na wanaovaa Adidas mbio zao. Lilipima kiatu.

Gemu kadhaa zimeshafuata njia hiyo. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilipofungua krosiplei, ilitazama pia kifaa kilichoshikwa mkononi wakati wa kupanga mechi. Halo Infinite ilipotoka mwaka 2021, mechi zake za ngazi kwa mtu mmoja au wawili zilikuwa na foleni ya padi na foleni ya kipanya. PUBG Mobile huwapeleka wanaotumia emuleta, yaani programu ya kuchezea gemu ya simu kwenye kompyuta, wakapambane na wenzao wa emuleta, na mmoja tu akiwemo kikosini, kikosi kizima humfuata. Riot, wenye Valorant, waliamua tofauti: gemu yao ilipofika kwenye konsoli mwaka 2024, wachezaji wa huko hawakuchanganywa na wa kompyuta. Uamuzi huo unaeleweka, lakini umetungwa kwa nchi zenye foleni ndefu, na uzito wake huangukia maeneo yenye wachezaji wachache.

Kuna hoja moja ya kutenganisha mashine ambayo haiwezi kupuuzwa, nayo ni udanganyifu. Kompyuta iko wazi zaidi kwa programu za wizi kuliko konsoli. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2025 Call of Duty: Black Ops 6 iliwapa wenye konsoli uwezo wa kuzima krosiplei katika mechi za ngazi. Lakini konsoli nazo si takatifu. Vipo vifaa vya kuchomeka ambavyo hufanya kipanya kionekane kama padi, mchezaji akapata wepesi wa kipanya na msaada wa kulenga kwa pamoja. Ubisoft walianza kupambana navyo katika Rainbow Six Siege mwaka 2023 kwa kuwacheleweshea mikono wanaovitumia. Hiyo ndiyo kazi inayostahili pesa na wahandisi: kutambua kwa uhakika kilichoko mkononi.

Halafu upo umbali. Mwanga husafiri ndani ya nyaya za faiba kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Eldoret hadi seva iliyoko Cape Town ni zaidi ya kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, na nyaya hazinyooki. Hushuka Mombasa, kisha hufuata bahari. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, Kenya na Tanzania zilihisi mara moja. Hakuna kanuni ya padi wala kipanya itakayoponya hilo, isipokuwa seva zije karibu. Mei hiyohiyo Microsoft na kampuni ya G42 walitangaza mpango wa dola bilioni 1, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria, Naivasha, kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Kituo kama hicho kikisimama, kampuni za gemu hazitakuwa na kisingizio cha kuiacha Afrika Mashariki bila seva zake.

Waandaaji wa mashindano Eldoret hawana haja ya kungoja. Tangazo la mashindano litaje kifaa kabla ya kutaja zawadi: vidole kwenye simu, padi, au kipanya, kila kimoja na kundi lake. Liseme mapema kama tableti zinaruhusiwa, maana kioo kikubwa huwapa vidole nafasi zaidi. Emuleta zisiingie kundi la simu. Wachezaji wote watumie Wi-Fi moja ya ukumbi, ili umbali wa kufika kwenye seva uwe mmoja kwa kila mtu, na msimamizi akague Bluetooth ya kila simu, isije ikawa imeunganishwa na padi, kabla ya raundi ya kwanza kuanza.