Mfano wa Kupigia Picha Hautuokoi

Wadau, ukiwa mwandishi wa habari nchi hii utaipiga picha hii mpaka uichoke: mheshimiwa kainama mezani, mbele yake mfano mdogo wa mradi, nyasi za plastiki, vigari vya kuchezea. Anaelekezwa kwa kijiti, anaitikia kwa kichwa. Makofi! Kesho yake ukurasa wa mbele.

Hivi jamani, kuna aliyewahi kuuliza mfano ule umepima nini? Haujapima kitu. Ule ni urembo.

Mfano wa wahandisi hujengwa ili uvunjwe. Chukua bwawa la topesumu la mgodini. Ukijenga tuta lake mezani likiwa dogo mara 100, litasimama hata kama lile halisi lingeporomoka, maana uzito unaolikandamiza umepungua mno. Ndiyo maana wataalamu huliweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi mpaka udongo uelemewe mara 100. Hata maji yanayopenya kwenye tuta huharakishwa: saa 1 ya mashine ni sawa na saa 10,000 za kweli, zaidi ya mwaka mzima!

Yanatuhusu nini? Mei 2009, Nyamongo wilayani Tarime, maji yenye tindikali yalitoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga Mto Mara. Ng'ambo ya Mara ni Serengeti, watu na ng'ombe wao. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka, tope likavamia nyumba na mashamba. Brumadinho, Brazil, Januari 2019, bwawa la namna hiyo liliua watu 270.

Mtaniambia siku hizi kuna kompyuta. Sawa, lakini kompyuta hujibu kwa kadiri ulivyoilisha. Mfano unaovunjika hukuonyesha ulichosahau kuilisha. Tena mzee wa kijiji cha Matongo hana haja ya grafu. Mwonyeshe tuta likipasuka, ataelewa kuliko mheshimiwa.

Hoja yangu ni moja: bwawa lolote la topesumu lisipewe kibali kabla video ya jaribio lake haijaonyeshwa kwenye mkutano wa kijiji. Limepasukia wapi? Baada ya muda gani? Tope limefika mlangoni kwa nani?

Mgodi usiothubutu kuvunja bwawa la mezani unataka sisi ndio tuwe jaribio.

Naomba kuwasilisha.