Kustaafu kwa hiari: hesabu anayopaswa kuifanya mwalimu wa Njombe na Makambako

Mtumishi wa umma nchini anaruhusiwa kisheria kustaafu kwa hiari anapofikisha umri wa miaka 55, na analazimika kustaafu anapofikisha miaka 60. Kwa mwalimu wa Halmashauri ya Mji wa Njombe au ya Mji wa Makambako, miaka hiyo mitano ya katikati ndiyo yenye uamuzi mzito kuliko yote katika utumishi wake, kwa kuwa barua ya kustaafu ikishakubaliwa na mafao yakishalipwa hakuna njia ya kurudi darasani kwa ajira ya kudumu.

Mazingira ya mkoa huu yanaufanya uamuzi huo uwe na mvuto wa pekee. Njombe ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa parachichi na mbao za kupandwa, na Makambako, mji uliopo kwenye makutano ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na ile ya kwenda Njombe na Songea, ni soko la mazao linalokua. Mwalimu anayemwona jirani yake akipakia matunda ya kusafirishwa nje ya nchi hujiuliza kwa haki kama miaka mitano zaidi ya ubao na chaki ina faida kwake. Jibu halipatikani shambani peke yake. Linaanzia kwenye kikokotoo.

Mafao ya mwalimu wa shule ya Serikali hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mwajiri huchangia asilimia 15 ya mshahara na mtumishi asilimia 5, na anayestahili pensheni ni yule aliyechangia kwa miezi isiyopungua 180. Kanuni iliyoanza kutumika Julai 2022 huchukua idadi ya miezi ya utumishi, huigawa kwa 580, kisha huzidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora. Sehemu ya mkupuo huzidishwa kwa 12.5. Mkupuo huo ulikuwa asilimia 33, na baada ya malalamiko ya wafanyakazi Serikali ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2024/25 kuupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likilipwa asilimia 50 hapo awali. Walimu wengi waliokuwa wanachama wa PSPF wamo katika kundi hilo.

Neno la kuangaliwa kwa makini katika kanuni hiyo ni "miaka mitatu bora". Mjadala wa mitaani umejikita katika asilimia ya mkupuo, ilhali kwa mtu anayetaka kutoka mapema wastani wa mshahara ndio unaoweza kumnyima zaidi. Mishahara ya watumishi wa umma ilipandishwa kuanzia Julai 2025, kima cha chini kikitoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa tangazo la Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi mkoani Singida. Nyongeza ya mwaka huo itaingia yote katika wastani wa miaka mitatu ifikapo Juni 2028, si kabla.

Mfano wa kubuni unaonesha uzito wa jambo hilo. Mwalimu aliyekuwa akilipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi hadi Juni 2025, kisha 1,200,000, akistaafu kwa hiari Juni 2026 akiwa na miezi 336 kazini, wastani wake ni takribani shilingi 1,067,000. Kwa kanuni ya msingi na mkupuo wa asilimia 40, atapata mkupuo wa takribani shilingi milioni 37.1 na pensheni ya karibu shilingi 371,000 kwa mwezi. Akisubiri hadi Juni 2028, hata bila nyongeza nyingine yoyote, mkupuo unafika milioni 44.7 na pensheni karibu 447,000. Akifika miaka 60 mwaka 2031, ni milioni 49.2 na karibu 492,000. Miaka miwili ya kwanza ya kusubiri inamwongezea zaidi ya mitatu inayofuata. Anayepanga kutoka mapema, basi, ana sababu ya kuchagua tarehe badala ya kuchagua umri tu.

Hesabu hiyo inaonesha pia kwamba pensheni, hata ile ya miaka 60, haifiki nusu ya mshahara wa mwisho. Hapo ndipo shamba linapoingia, na hapo ndipo wengi hukosea mpangilio wa wakati. Mparachichi wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mavuno ya kutegemewa huja baadaye. Mti wa paini huhitaji miaka 15 au zaidi ili utoe mbao nzuri. Mstaafu wa miaka 60 anayenunua shamba la miche kwa fedha ya mkupuo anapanda kwa ajili ya wajukuu, jambo jema, lakini si kipato cha uzeeni kwake. Miti hiyo ilipaswa kupandwa akiwa na miaka 40, kidogo kidogo, kwa mshahara.

Utumishi wa umma hauna utaratibu wa mwalimu kustaafu kwa awamu, yaani kufundisha nusu ya vipindi kwa nusu ya mshahara huku akipokea nusu ya pensheni. Awamu pekee iliyopo ni ile anayojipangia mwenyewe nje ya saa za kazi. Ugumu ni kwamba mshahara wenyewe mara nyingi una makato ya mikopo ya benki, na mkopo uliopangwa kulipwa hadi miaka 60 haufutwi na barua ya kustaafu miaka 55. Salio hilo liulizwe benki kabla ya barua kuandikwa.

Kwa wale walioajiriwa kabla ya Julai 1999, kipindi ambacho michango haikuwa ikipelekwa kwenye mfuko, utumishi wao wa nyuma unahesabiwa. Serikali ilitoa hati fungani maalumu ya takribani shilingi trilioni 2.17 mwaka 2021 kulipia deni hilo. Uthibitisho wa miezi hiyo, hata hivyo, uko katika karatasi: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya daraja la mwisho. Majina na tarehe ya kuzaliwa yalingane na yale yaliyoandikwa wakati wa ajira ya kwanza. Jalada lenye pengo hurekebishwa kwa urahisi zaidi na mwalimu aliye kazini, kupitia ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya na ofisi ya mkurugenzi, kuliko na mstaafu anayepanda basi kutoka kijijini kila wiki.

Mkurugenzi naye anahitaji taarifa mapema kwa ajili ya ikama. Mwalimu wa hisabati anayeondoka Julai huwaacha wanafunzi wa Kidato cha Nne miezi minne tu kabla ya mtihani wa Taifa wa Novemba. Tarehe inayofuata mwisho wa muhula wa Desemba humwongezea mwalimu huyo miezi kadhaa ya utumishi katika hesabu yake, na shule hupata muda wa kuomba mbadala.